Mwanamke Aliyeshika Tama na Funguo za Kulsumbai

Razia Kassamali hakuhitaji kuinua kichwa kujua mama mkwe wake yuko chumba gani. Alisikiliza funguo. Zikilia mfululizo, Kulsumbai yuko jikoni anafunua masufuria. Zikilia mara moja kisha kimya, ameketi kitandani. Zisipolia kabisa, yuko msalani, kwa sababu hapo tu ndipo alipozivua na kuzitundika nyuma ya mlango.

Zilikuwa funguo nzito za chuma, zimeunganishwa kwa pete na kulabu ya fedha iliyochongwa tausi, na Kulsumbai aliining'iniza kwenye mshipi wa gauni lake, upande wa kushoto. Ulikuwapo ufunguo wa stoo ya mchele na samli, wa kabati la nguo, wa kasha la shaba, wa sefu, na mmoja mrefu wa lango la nyumba ya Tanga. Nyumba hiyo ilitaifishwa mwaka 1971. Kasha na kabati viliuzwa baadaye. Familia ilipohamia Toronto mwaka 2001, katika ghorofa ya juu ya jengo moja la Scarborough ambalo mlango wake wa chini ulifunguliwa kwa kubonyeza namba, Kulsumbai alishuka kwenye ndege akiwa amevaa koti la kuazima na funguo zake zote.

Katika familia zao, funguo za kiunoni hazikuwa pambo. Mwenye nazo ndiye mwenye nyumba. Bibi akichoka, huzivua mbele ya wanawake wengine na kumvisha mke wa mwanawe mmoja, na tangu siku hiyo wifi, shangazi na watumishi humwuliza yule. Kwa kawaida hupewa mke wa mtoto mkubwa. Kwa kawaida, lakini si lazima: Kulsumbai mwenyewe aliolewa na mdogo mtu, na funguo zikaja kwake huku mke wa kaka mtu akitazama. Alipenda kusimulia kisa hicho. Alikisimulia kwa kicheko, na Razia, aliyekuwa mke wa mtoto mkubwa, hakuwahi kucheka.

Razia alikuwa na sababu zote za kuzitarajia funguo hizo. Mumewe Anwarali alifanya kazi katika ofisi ya bima na kurudi amechoka. Ni Razia aliyemkanda Kulsumbai magoti kwa mafuta ya nazi, aliyempandisha basi la barabara ya Lawrence kwenda kliniki, aliyesimama naye kituoni theluji ikiwapiga usoni huku mama akilalamika kwamba Razia ndiye aliyechagua basi linalochelewa. Mchana alitengeneza fremu za picha katika duka la bibi mmoja aitwaye Phyllis, kwenye safu ya maduka kati ya bucha la halali na saluni. Aliajiriwa afagie. Baada ya miaka miwili alikuwa akikata kioo.

Kisha alikuja Nida.

Nida alizaliwa Mombasa, akaletwa Kanada akiwa na miaka kumi, akaolewa na Kazim, mdogo wake Anwarali, mwaka 2007. Alifanya kazi benki na jioni alisoma historia ya sanaa. Alikuja Jumapili kwa Jumapili na boksi la keki, akambusu mama mkwe mashavu yote mawili, akaondoka kabla ya vyombo kuoshwa. Katlesi alipika Razia, lakini wageni walipofika Kulsumbai aliwasukumia sahani na kusema, "Kuleni na keki. Nida kaniletea." Katlesi mbili za mwisho zilifunikwa kwa bakuli na kuwekwa juu ya friji. Zilikuwa za Nida, akazile njiani.

"Mtoto anafanya kazi sana," Kulsumbai alisema.

"Na mimi ninacheza," Razia aliijibu friji.

Nida alimpenda Razia, au alionekana kumpenda, na hilo lilizidi kumuudhi. Alimwita Bhabi, kama inavyompasa mke wa mdogo kumwita mke wa mkubwa. Alimwomba amfundishe kupika mbaazi. Siku moja alizishika funguo za Kulsumbai kiunoni pale pale, akazipima kiganjani kama mtu anayenunua nyanya, akasema, "Mama, hizi ni nzito! Huumii nyonga?" Kulsumbai akacheka na kumwachia azishike. Razia alikuwa ameishi na mlio wa funguo hizo miaka mingi na hakuwahi kuzigusa.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa mwaka 2012, Nida aliingia dukani na bomba la karatasi chini ya kwapa. Yeye na Kazim walikuwa wamenunua nyumba Markham. Siku ya kufungua nyumba kungekuwa na majlisi ya wanawake, kisha chakula.

"Bhabi, nisaidie. Nataka picha ya sebuleni, na sitaki mwingine aiguse."

Aliikunjua mezani. Ilikuwa nakala nzuri ya picha aliyoinunua katika duka la makumbusho huko Ujerumani, walipokwenda fungate. Picha yenyewe, alieleza, ilichongwa na Albrecht Dürer kwenye bamba la shaba mwaka 1514, mstari kwa mstari, kisha ikapigwa chapa kwa wino. Haikuwa na rangi. Razia aliinama.

Aliona mwanamke mnene mwenye mabawa, ameketi chini karibu na ukuta, shada la majani kichwani, bikari mkononi bila kupima kitu. Uso wake ulikuwa na giza. Na shavu lake, lililojaa, lilikuwa limeegemea ngumi.

Ameshika tama.

Mtu aliyelelewa Tanga haoni kingine mbele ya mkono ule. Kushika tama ni mkao wa msibani. Mtoto akikaa hivyo hupigwa kofi la kiwiko, kwa kuwa anaita kitu ambacho bado hakijaja. Katika majira ya baridi ya kwanza, Razia alijisahau dirishani, shavu mkononi, akitazama magari yakiteleza barabarani. Funguo zililia nyuma yake, na kiwiko chake kikapigwa kikaanguka.

"Toa mkono! Unamwita nani humu ndani? Mimi ndiye mzee peke yangu!"

Sasa Nida alikuwa akitaka kumtundika mwanamke huyo sebuleni, katika nyumba mpya, siku ya kuifungua.

"Huyu malaika?" Razia aliuliza.

"Ana mabawa, lakini si malaika. Ni Huzuni yenyewe, amechorwa kama mtu. Wakati huo Ulaya waliamini mwili una majimaji manne. Nyongo nyeusi ikizidi, mtu anakuwa hivi: akili nyingi, kazi hakuna." Alicheka. "Usinikunjie uso kama yeye, Bhabi. Tazama, kila kitu hapa kina maana. Saa ya mchanga, muda unakwenda. Mizani, haina kitu ndani. Msumeno, randa, misumari, vyote viko chini, hakuna anayevitumia. Huyu mtoto anaandika juu ya jiwe la kusagia. Mbwa amekonda kwa sababu hakuna anayemkumbuka."

"Na hizi?"

Kidole cha Razia kilikuwa kimesimama kwenye sketi ya yule mwanamke. Pale, kutoka kiunoni, zilining'inia funguo.

"Ah, hizo!" Nida alifurahi. "Mengine wasomi wanabishana mpaka leo, lakini hizo mchoraji mwenyewe alizieleza kwa mkono wake. Funguo ni mamlaka. Na huu mkoba hapa chini ni mali."

"Funguo ni mamlaka," Razia alirudia.

"Kama za Mama. Nilipoziona tu nikasema, hii lazima ije kwangu."

Hakusema picha hii. Alisema hii, na Razia aliusikia usemi huo siku nzima, mpaka ukawa na maana moja tu: msichana huyu anajua. Ameshaambiwa. Amechagua ukuta, amechagua na picha, na siku ya majlisi, mbele ya wanawake wote wa msikitini, Kulsumbai atavua kulabu ya tausi na kumvisha mtu anayevaa suruali ya jinzi.

Angeweza kumwambia mara moja. Sentensi moja ingetosha: mdogo wangu, Mama hapendi mtu aliyeshika tama, itundike chumba cha juu. Nida angemshukuru, angemkumbatia, pengine angeleta keki. Razia aliokota tepu akapima.

"Fremu nyeusi," alisema. "Nyembamba. Isimfunike."

Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu kuliko nyingine yoyote ya mwaka ule. Alichagua kadibodi nyeupe ya kuizungushia picha, akakata dirisha lake kwa mshazari ili ukingo ung'ae kidogo. Alipangusa kioo mara nyingi kuliko kilivyohitaji. Phyllis, ambaye alikuwa na miaka sabini na macho makali, alisimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Huyu bibi kakuudhi nini? Unamsugua kama unataka kumtoa ngozi."

"Anakaa vibaya," Razia alisema.

"Amechoka tu. Mimi hukaa hivyo kila Ijumaa."

"Kwetu hukai hivyo kwa mtu."

"Basi mwambie mwenye picha."

"Mwenye picha amesoma," Razia alijibu, akapiga msumari.

Mwisho wa juma, Kazim aliwafuata na gari. Kulsumbai alikaa mbele, funguo zikiwa mapajani, na picha ikawekwa nyuma kando ya Razia, imefungwa kwa karatasi ya kahawia. Nyumba ya Markham ilinuka rangi mpya na udi. Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni, viatu vimerundikana mlangoni. Majlisi ikasomwa, visa vya mashahidi vikasimuliwa, watu wakalia kama ilivyo ada, wakapangusa macho, chai ikapita. Ndipo Nida alipopiga makofi.

"Sasa! Zawadi yangu mwenyewe kwangu mwenyewe. Lakini kazi ni ya Bhabi, kwa hiyo mpigieni Bhabi."

Akaichana karatasi.

Shangazi mmoja wa Anwarali, mwanamke wa sauti kubwa, ndiye aliyetangulia. "Mbona huyu kashika tama?"

"Nani kashika tama?" mwingine akauliza kutoka jikoni.

"Huyu wa kwenye picha! Astaghfirullah, Nida, nyumba ina siku tatu!"

"Mgeuze, mgeuze ukutani."

"Mama yupo hapa, jamani. Asimwone."

Nida alishika fremu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Alitazama uso mmoja hadi mwingine, kisha akamtazama Razia, maana Razia alikuwa mtu wake katika chumba kile. Razia aliangalia kikombe chake. Alikuwa ameungoja wakati huu tangu Jumatatu, na ulikuwa mtamu kama alivyodhani, kwa muda wa kumeza funda moja.

"Leteni miwani yangu," Kulsumbai alisema.

Ililetwa. Funguo zililia alipojisogeza mbele ya kochi. "Mleteni na yeye. Karibu. Mimi sing'atwi na karatasi."

Alitazama kwa muda mrefu. Alianzia kwa mbwa, akaja kwa mtoto, akapanda ngazi iliyoegemezwa ukutani, akafika kwenye kengele. Kisha kidole chake, chenye pete ya akiki, kilishuka hadi kwenye sketi.

"Anazo funguo."

"Ndiyo, Mama," Nida alisema, sauti ikiwa ndogo. "Maana yake mamlaka."

"Na mlango uko wapi?"

"Mlango gani?"

"Mlango, mwanangu. Mtu ana funguo, lazima pawe na mlango. Nionyeshe."

Nida aliinama juu ya kioo. Kulikuwa na ukuta, ngazi, bahari kwa mbali, nyota yenye mkia. Alitafuta kwa kidole, na wengine wakainama naye, hata shangazi wa sauti kubwa. Hapakuwa na mlango.

"Hakuna," Nida alisema.

"Ndiyo maana kashika tama!" Kulsumbai alipiga paja lake. "Funguo zote hizo, na hana hata mlango wa choo! Ungekuwa wewe usingekaa hivyo?" Alicheka mpaka miwani ikateleza, na wanawake wakacheka naye, kwanza kwa woga, kisha kweli. Shangazi alisema picha hata si mbaya ukiizoea.

Kulsumbai alivua miwani. Alimgeukia Razia.

"Picha hii imekaa kwako dukani juma zima."

"Ndiyo, Mama."

"Huo mkono hukuuona?"

"Niliuona," Razia alisema.

Kulsumbai alitikisa kichwa, polepole, kama mtu aliyeulizia bei na kuipata ni ile ile aliyodhani. Mkono wake ulikwenda kiunoni upande wa kushoto, ukafungua kulabu ya tausi, na kila mwanamke aliyekuwapo alijua anachokiona. Alizitia funguo mkononi mwa Nida.

"Chukua. Zitundike hapo hapo kando yake. Apate mwenzake."

Mtu alianza kupongeza. Wengine wakafuata. Nida, ambaye hakuelewa vizuri kilichotokea, alilia, na machozi yalimpendeza. Razia alikusanya vikombe akavipeleka jikoni akaviosha vyote, pamoja na visivyotumika.

Nyumbani Scarborough usiku huo hakukuwa na mlio. Kulsumbai alitokea mlangoni mwa jiko ghafla, na Razia akashtuka, kijiko kikaanguka.

"Umenitisha, Mama."

"Utanizoea."

Razia aliokota kijiko. Alikigeuza mkononi. "Kwa nini yeye?" alisema hatimaye. "Kwa sababu nilinyamaza?"

"Ulinyamaza, na nitakukumbusha mpaka nife." Kulsumbai alivuta kiti akaketi, akinyoosha goti lake baya. "Lakini nilikuwa nimeamua kabla. Yeye nilijua atazitundika. Wewe ungezivaa."

"Ningezivaa, ndiyo. Si ndiyo kazi yake?"

"Miaka yangu yote hapa nimetembea na chuma kiunoni katika nyumba isiyo na tundu moja la kukiingiza. Nimefanya nini nazo? Nimewatisha ninyi. Nipe mafuta, goti linauma."

Razia alileta chupa ya mafuta ya nazi. Alikanda kwa nguvu kuliko kawaida, na mama mkwe hakulalamika. Maneno yale yalikuwa na huruma ndani yake, na Razia aliiona huruma hiyo vizuri. Haikumsaidia. Mtu anayetaka kitu hashibi kwa kuambiwa kwamba kitu chenyewe ni kizito. Na kama funguo hazikuwa na maana tena, kwa nini hakuachiwa yeye azigundue hivyo mwenyewe, zikiwa kiunoni mwake, huku mwingine akiosha vikombe?

Baada ya majuma mawili Nida alikuja tena dukani. Hakuwa na keki. Alikuwa na mfuko mdogo wa kitambaa, na kutoka ndani yake ulitoka mlio ambao Razia angeutambua katikati ya msongamano wa kituo cha treni cha Kennedy.

"Nimejaribu kuzitundika kwa msumari, Bhabi, zinakwaruza rangi. Nitengenezee fremu ya kina, kama sanduku, yenye kioo mbele. Nyeusi kama ile nyingine. Lakini ziache zicheze kidogo ndani. Nataka mtu akiinua azisikie."

Kisha akabaki pale, akichezea zipu ya koti. "Ungeniambia tu kuhusu mkono."

"Ningekuambia," Razia alikubali.

"Nimekukosea nini?"

Razia alimtazama, na jibu lilikuwapo, refu, lenye katlesi na friji na kliniki ndani yake. "Njoo Alhamisi," alisema.

Alikata mbao, akaunganisha pembe, akaweka kitambaa cheusi nyuma. Phyllis alipokwenda mbele kuhudumia mteja, Razia alizichukua funguo na kuzivaa. Kulabu iliingia kwenye mshipi wake upande wa kushoto bila kulazimishwa. Alitembea hadi mwisho wa meza akarudi. Alitembea tena, hadi kwenye rafu za kioo, na funguo zililia kila hatua, mlio ule ule, isipokuwa sasa ulitoka kwake na si kumjia.

"Nini hicho kinacholia?" Phyllis aliuliza kutoka mbele.

"Mimi," Razia alisema.

Zilikuwa nzito, hilo lilikuwa kweli. Zilivuta gauni upande mmoja. Zilimkaa vizuri.

Akazivua. Akachukua sindano nene na uzi mweusi wa kushonea turubai, akazipanga kwenye kitambaa moja moja, wa stoo, wa kabati, wa kasha, wa sefu, wa lango, na kila mmoja akaushona shingoni, katikati na mwishoni, uzi ukikazwa na kufungwa kwa nyuma ambako haungeonekana. Kulabu ya tausi aliishona mwisho. Akafunika kioo akapiga misumari.

Alhamisi Nida aliitazama kazi hiyo kwa muda. Ilikuwa nzuri, na alisema hivyo. Aliiinua kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na sikio, akaitikisa taratibu. Akaitikisa tena.

"Bhabi, mbona hazilii?"

"Ndivyo zinavyokaa zikishafungwa," Razia alisema, akavuta karatasi ya kahawia.